Usiulize Mlima Uko Wapi: Mwongozo wa Mgeni wa Kinga Shituru

Ukifika Likasi, Kongo, na baiskeli yako ya zamani umeifunga mablanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, anza kwa kubadilisha neno. Huku hatusemi baiskeli, tunasema kinga. Najua, kwa Waswahili wa pwani kinga ni chanjo, ni hirizi, ni kitu cha kukuepusha na balaa. Usicheke mapema. Ngoja kwanza umwone kijana anateremka kilima na mifuko ya makala, yaani makaa, nyuma yake, breki ikiwa ni kandambili aliyoikandamiza kwenye tairi, ndipo uamue nani anamkinga nani.

Utaulizwa kama umekuja kwa habari za wale askari wa Ireland waliozingirwa hapa mwaka 1961, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Wageni wengine huja kwa sababu ya filamu yao. Sema hapana, umekuja kwa kinga. Watakuonea huruma, lakini watakupa kiti.

Sasa lile swali. Ninalijua, maana kila mpenzi wa baiskeli za kale huja nalo mfukoni: je, wenye kinga za barabara na wenye kinga za mlima wakae pamoja, au kila kundi litafute mwembe wake? Huko kwao wameligombania mpaka wamenuniana. Wa barabara wanasema wenzao wamezaliwa jana, hawana ukale wowote. Wa mlima wanasema wale ni wazee wa soksi nyeupe wanaoogopa vumbi. Ukilifungua mtaani kwetu Shituru utasikilizwa kwa adabu zote, kisha mzee mmoja atakuuliza: "Tata, barabara njo gani?" Usidhani anakukejeli. Anataka kujua kweli.

Maana lami tunayo. Ni ile ya Taifa Namba Moja, inayotoka Lubumbashi, kilomita kama 120, ikapita kwetu na kuendelea upande wa Kolwezi. Lakini hiyo ni mali ya malori ya shaba na kobalti. Kinga huendeshwa ukingoni, kwenye kokoto, na malori mawili yakipishana, hushuka mtaroni ikangoja. Ukiiacha lami unaingia udongo mwekundu, ambao kuanzia Mei ni unga na mvua za Novemba zikianza ni sabuni. Halafu reli. Halafu mawe ya kampuni yaliyomwagwa njiani miaka ambayo hakuna anayeikumbuka. Kinga moja hupita vyote hivyo asubuhi moja, kabla mwenyewe hajala bukari, yaani ugali. Wewe ukuta wako utaujenga wapi?

Kosa linalowaponza wageni wengi ni kutambua kinga kwa macho. Nilimsindikiza mmoja mpaka kwa fundi, chini ya bati lenye kutu, ambako kulikuwa na Phoenix ya Shanghai imeegemezwa ukutani. Magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma vya fimbo, hivyo mgeni akaandika kwenye daftari lake: barabara. Kisha akaona foku imeungwa nondo mbili kila upande, kubwa kama kidole gumba, akafuta. Karia ilikuwa ya nondo pia, pana kama kitanda cha mtoto. Spoku za nyuma zimefungwa waya pale zinapopishana ili zisipige kelele za kuvunjika. Pedali moja ilikuwa ya mti, imelainika kwa unyayo mpaka inang'aa. Kwenye gidoni palifungwa fimbo ndefu kwa mipira ya tyubu, ya kuongozea kinga mtu anapoisukuma akiwa anatembea kando yake, maana ikijaa haipandwi. Mgeni akaandika: mlima. Akafuta tena. Mwishowe akamuuliza fundi hii ni kinga ya aina gani.

"Ya mifuko tatu," fundi akasema.

Basi, daftari lifungwe. Hivyo ndivyo kinga zinavyogawanywa hapa: ya mifuko miwili, ya mifuko mitatu, na ile ya mifuko minne ambayo mwenyewe humsikii akijisifu, unamwona tu mgongo.

Kosa la pili ni kudhani mlima ni ukoo mwingine. Wale vijana wa California walioanza kushindana kuteremka kilima karibu na Fairfax mwaka 1976 hawakuwa na kinga za mlima, maana hazikuwapo. Waliokota Schwinn nzito za miaka ya 1930 na 1940, za kupelekea magazeti, wakaziporomosha. Breki ya ndani ya gurudumu ilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya kila mara, na mashindano yakaitwa kwa kazi hiyo: Repack. Na hao mashujaa wa barabara? Tour de France ilipopandishwa milima ya Pirenei mwaka 1910, juu kule hapakuwa na lami, palikuwa na njia za mbuzi. Hata Eroica ya Italia, iliyoanza mwaka 1997, ambako kanuni ni kinga ya barabara ya mtindo wa kale, sifa yake yote iko kwenye barabara nyeupe za vumbi.

Nilimsimulia fundi habari za Repack nikijua zitamfurahisha. Grisi ilimfurahisha kweli. Kisha akauliza walikuwa wanabeba nini. Nikamwambia hakuna, waliteremka mikono mitupu, halafu kinga zikapakiwa kwenye gari zikarudishwa juu ili wateremke tena. Alinyamaza muda mrefu, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa mbali.

Nisikudanganye lakini kwamba sisi hatuna ugomvi. Tunao. Wazee wenye Raleigh zilizopakwa mafuta hawapendi kuona vetete, kama tunavyoziita zile za matairi ya meno zinazoshuka kwenye makontena ya mitumba, zikiegeshwa karibu na zao. Vijana nao husema Raleigh ni za makumbusho. Mgeni akisikia hivyo huchangamka: kumbe tupo pamoja! Hampo pamoja. Wazee hawa hawazungumzii matairi.

Shituru iliota pembeni ya kiwanda. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchenjua shaba hapa mwaka 1929, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikaurithi ulimwengu wote huo mwaka 1967, na mfanyakazi aliyekwenda zamu kwa kinga yenye kengele, dainamo na madigadi mawili alionekana mtu. Kinga ile ilikuwa mshahara unaotembea. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliagwa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa kuondoka kwa hiari. Hilo neno hiari, usilitamke ukiwa umekaa na wazee, hata kwa utani.

Mmoja wao ananihusu kidogo, kwa hiyo simtaji. Kinga yake ilimpeleka kiwandani miaka zaidi ya ishirini. Kazi ilipokwisha alitoa madigadi, akauza dainamo, akachomelea nondo, akaanza kwenda porini kununua makala ya miombo, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Alifanya hivyo mpaka mwanawe mkubwa alipopata kazi. Siku ile alimpelekea fundi kinga, nondo zikakatwa kwa msumeno, madigadi yakatolewa chini ya kitanda yalikokuwa yamefungwa magazeti. Ukiinama utaona makovu ya chuma kwenye foku, yamepakwa rangi nyeusi isiyofanana na ile ya kwanza. Sasa wewe unayegawanya, huyu utamweka chini ya mwembe upi? Nilishamwuliza mwenyewe. Akasema chini ya ule wenye kivuli.

Kengele yake usiombe kuinunua. Wameshajaribu watu wawili.

Limebaki jambo moja, nalo litakupata utake usitake. Utakapoitoa kinga yako kwenye mablanketi, ile nyembamba, yenye tandiko la ngozi na gidoni la pembe za kondoo, mama mmoja wa makala atasimama. Atalibonyeza tairi kwa kidole. Ataipima kwa kuinyanyua kwa mkono mmoja, na wepesi wake utamtia wasiwasi. Kisha atakuuliza inachukua mifuko mingapi. Usiseme sifuri, ni aibu kwako na kwa waliokuzaa. Usianze kumweleza kuwa ni ya barabara. Sema nusu. Atakutazama, ataitazama kinga, halafu atatafuta mpira wa tyubu aone kama ni kweli.