Sifa za Joto la Machi

Watu wa pwani husifu kusi kwa ubaridi wake, demani kwa bahari yake tulivu, masika kwa mpunga wake. Joto la mwishoni mwa kaskazi, lile linalokawia Dar es Salaam, Unguja na Mombasa tangu Februari mpaka mvua zitakapoamua kuja, halina msifiaji. Likitajwa, linatajwa kwa mfyonyo. Huo ni uonevu, na unaonekana wazi zaidi ukikumbuka kwamba joto hili hutufikia wakati uleule tunapopokea taarifa za mwelekeo wa mvua za Masika. Kati ya wageni hao wawili, mmoja huja na ramani, asilimia na kikao cha waandishi wa habari. Mwingine huja mikono mitupu, na ndiye anayesadikiwa.

Tuanze na mwenye ramani, maana anastahili heshima yake. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, 11 kwa sasa, hukutana kabla ya msimu kukubaliana mwelekeo wa mvua, chini ya kituo cha kikanda cha tabianchi, ICPAC, na mamlaka ya hali ya hewa ya kila nchi huurudisha nyumbani kwa undani zaidi. Mvua hugawanywa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Tuseme eneo fulani limepewa asilimia 45, 35 na 20. Yakitokea mafuriko, ramani ilisema. Ukitokea ukame, ramani ilisema pia, kwa sauti ya chini kidogo. Wanaocheka hapa hucheka bure. Vuli hutabirika kwa kiasi chake, kwa sababu hufuata El Niño na tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa Bahari ya Hindi, mambo yanayoonekana miezi kadhaa kabla. Masika hayana mlezi wa namna hiyo. Mwaka 2019 Kimbunga Idai kilivuta unyevu kwenda Msumbiji mwezi Machi na mvua zikachelewa kwetu. Nani angekiandika Februari kimbunga ambacho hakijazaliwa? Mtaalamu anayesema “huenda” kwa kipimo ni mkweli kuliko wengi wanaopanda jukwaani bila kipimo chochote. Ila ukweli wa “huenda” haumfanyi mtu anyanyue godoro.

Joto la Machi halina “huenda”. Jua hupita wima juu ya Dar es Salaam siku za mwanzo za Machi, kisha huelekea kaskazini, na mtu asiyeijua bahari angetarajia joto lifuate nyuma yake. Bahari haina haraka hiyo. Kilo ya maji huhitaji joto kama mara nne ya lile linalohitajiwa na kilo ya hewa ili ipande digrii moja, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakipokea jua tangu Novemba huja kutoa joto hilo polepole, usiku na mchana, wakati mwenyewe jua ameshaaga. Kaskazi nao unakufa, kusi haujaanza, maleleji yanatawala na tanga halijui lielekee wapi. Hewa imejaa unyevu, jasho linatoka na haliendi popote. Kila hatua ya jambo hili inaelezeka, na hujirudia mwaka hadi mwaka. Hata ramani za joto za ICPAC, ambazo miaka ya karibuni zimekuwa nyekundu karibu kila msimu, hazimwambii mkaazi wa Kariakoo lolote ambalo shuka lake halijamwambia.

Hapo ndipo ilipo sifa yake kuu: ndilo utabiri pekee unaosomwa na kila mtu, ajuaye kusoma na asiyejua. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa hofu ya joto la hadi digrii 45, na hakuna aliyeuliza hizo ni asilimia ngapi. Mapema mwaka huohuo mwelekeo wa ICPAC ulikuwa umesema kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ingepata mvua juu ya wastani. Ulisema kweli. Ilipofika tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa Tanzania alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko, na Kenya idadi ya waliokufa ilipita 200 mwanzoni mwa Mei. Utabiri sahihi ulikuwapo. Uliokosekana ni utabiri unaoingia kwenye ngozi.

Wapo watakaosema joto hili linawanyima watu usingizi, linawauguza wazee na watoto, tena hupenda kuja sambamba na mgawo wa umeme. Ni kweli, na sina la kuwajibu waliolala sebuleni juu ya sakafu, isipokuwa kwamba mgawo haukuletwa na jua. Lakini tuwe wa haki. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe na Lamu, vichochoro vyembamba visivyoona jua la saa saba, baraza za nje zinazoiba upepo wa jioni: hayo yote yalijengwa kwa kumjua adui huyu. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi, na manahodha hawakuwa na la kufanya ila kungoja kusi uwarudishe. Wakangoja, wakauza, wakanunua, wakaoa. Sehemu kubwa ya ujirani wetu na Waarabu ilifumwa katika wiki hizi za upepo kufa, watu wakitafuta kivuli na dafu. Mashamba ya chumvi nayo hustawi jua linapochoma, na mvua ndiyo huyaharibu.

Pingamizi moja ni zito kuliko hayo. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wanajua maji yakipata joto kupita kiasi aina ya kotoni, yenye bei nzuri, huugua na kufa, na wao hubaki na spinosamu ya bei ya chini. Mwaka 1998, baada ya El Niño, matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Hapa msifiaji humeza mate. Ninachoweza kusema ni kwamba joto linalokaa wiki chache kwa zamu yake na joto linaloongezwa na moshi wa dunia nzima si kitu kimoja, ingawa mwani hauwezi kuyatofautisha.

Kuna na wazee wanaosema, “Joto hili lina mvua.” Wanasayansi hutabasamu, kwani masika yatafuata Machi hata Machi ikiwa baridi, na joto halisemi mvua itakuwa ya milimita ngapi. Sawa. Lakini unyevu unaotutoa jasho ni sehemu ya ule utakaonyesha, na mzee anayesikia joto huanza kuangalia makuti ya paa na mtaro wa nyuma ya nyumba. Asiyelisikia ni yule aliyelifungia nje kwa kiyoyozi, nyumbani, garini na ofisini. Kwake Machi hupita kwa digrii 22, taarifa ya mwelekeo hulala kwenye barua pepe bila kufunguliwa, na habari za masika humfikia Aprili akiwa foleni, Jangwani barabara imefungwa.