Mwombaji Namba 17

Ujumbe wa kuninyima msaada niliutuma mwenyewe, jana usiku baada ya Isha, na simu iliyoupokea ilikuwa mezani mbele yangu, kando ya kikombe cha kahawa chungu. Ikalia. Kamati nzima ya kongamano, tumekaa ghorofani Kibokoni, Mombasa, madirisha wazi, ikageuka kuitazama. "Tunasikitika kukuarifu," ilisema skrini, kwa herufi ambazo hata Mwalimu, mwenyekiti wetu, alizisoma bila miwani.

"Kumbe ni wewe, mwanangu?"

Mtauliza mwandaaji anaombaje msaada wa kuingia kwenye kongamano lake. Ni kwamba kwetu kila mtu hulipa. Desturi hiyo tumeichukua kwa PyCon ya Marekani, mkutano mkubwa wa watu wa lugha ya programu ya Python, ambako kwa miaka mingi msemaji alilipa, mjitoleaji alilipa, mwandaaji naye alilipa, na asiyeweza alijaza fomu. Ni desturi ya haki. Ilipofika Mji wa Kale ilinikuta sina shilingi 1,500.

Ada yenyewe ina elimu yake, na nikianza kuieleza watu huanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Kuna gharama zisizojali wamekuja wangapi: ukumbi, vipaza sauti, jenereta ya kusubiri stima ipotee. Na kuna zinazofuata midomo: chai, mahamri, pilau ya mchana, maji. Ada ikiwa chini ya gharama ya mdomo mmoja, kila mgeni anayeongezeka anakuzamisha zaidi, na kongamano likipendwa sana ndipo linapofilisika. Basi ada ilishe midomo, ukumbi waachiwe wadhamini. Ila mdhamini huahidi mapema na kulipa picha zikishapigwa, ilhali mpishi wa pilau anataka arubuni kabla mbuzi hajachinjwa. Na bado kuna la tatu, lile linalonikosesha usingizi kwa utamu wake: ada ni kiapo. Mtu akijiandikisha bure, mvua ya rasharasha inatosha kumbakisha nyumbani, na mahamri yake yameshakaangwa. Akilipa hata kidogo, atavuka Likoni.

Wako wenye njia nyingine. Kongamano la programu la FOSDEM, huko Brussels, halitozi kitu wala haliandikishi mtu. Unaingia chuoni, unakaa. DebConf, mkutano wa watu wa mfumo wa kompyuta wa Debian uliofanyika Cape Town mwaka 2016, humwachia mtu achague fungu lake: kuna la anayelipiwa na kampuni, kuna la mwenye kipato chake, na kuna la asiyelipa. Nasi tukajaribu uungwana huo. Bwana mmoja aliyeshuka kwenye Prado pale Makadara akachagua "mwanafunzi".

Tukarudi kwenye fomu. Ziliondolewa majina zikapewa namba, wakaguzi wasije wakapendelea jamaa zao, maana katika mji huu kila mtu ni binamu wa mtu. Orodha ya majina nilibaki nayo mimi, kwa kuwa karani ni mimi. Alama zikatolewa na Mwalimu na wenzake. Swali la mwisho liliuliza: baada ya kongamano, utaisaidiaje jamii? Wengine walijaza hadi pembeni mwa karatasi. Watafundisha vijana wa Kisauni, wataunda programu ya wavuvi, wataondoa ukosefu wa ajira pwani nzima. Mimi, ninayejua nani hubaki ukumbini watu wakishaondoka, niliandika: "Nitakunja viti."

Jana Mwalimu aliisoma kwa sauti, iwe mfano wa fomu mbovu. "Namba 17. Nitakunja viti. Sikieni dharau hii!" Mweka hazina akaguna. Kijana wa kahawa, ambaye si mjumbe, akacheka kuliko wajumbe. "Huyu," Mwalimu akaendelea, "anakaa Mji wa Kale, na ukumbi uko Mji wa Kale. Msaada wa nini? Hana miguu?" Nilichoomba kilikuwa ada, nauli sikuitaja. Lakini ningemjibuje bila kujitoa? Nikaandika katika kumbukumbu za mkutano, kwa hati nzuri: Namba 17, alama mbili kwa kumi, ana dharau. Kisha tukafikia ajenda ya kuwaarifu waliokosa, na mwenye kubonyeza ni karani.

Hao nimewasamehe. Nisiyemsamehe ni aliyebuni ufadhili wa kurudishiwa. Katika makongamano mengi ya kujitolea, ukipewa nauli unailipa kwanza kwa fedha yako, unakuja, unatoa risiti, kisha unangoja urudishiwe. Haya, tupime. Mwanafunzi wa Nairobi apande treni ya SGR daraja la kawaida kwa 1,500, nauli iliyopandishwa kutoka 1,000 Januari 2024. Akishuka Miritini adandie matatu, na kondakta wake akiombwa risiti atadhani ametumiwa askari. Tena huyo ni wa karibu. Kongamano la programu la DjangoCon Africa lilipofanyika Zanzibar Novemba 2023, Unguja ilikuwa jirani yetu kwenye ramani tu. Mtu wa Mombasa asiye na nauli ya ndege kwa kawaida hupitia Lunga Lunga, Tanga, Dar es Salaam, ndipo apande boti. Safari kama hiyo aigharamie nani kwanza? Yule yule aliyetuapia, kwa fomu ya kurasa tatu, kwamba hana kitu. Tunamkopa maskini ili tupate kumfadhili, na risiti ikipotea tunamwona mwizi. Nimeyasema haya kikaoni; nikaambiwa niyaandike kwenye kumbukumbu.

Mengine ni madogo. Bango limekuja na tarehe za mwaka jana. Ada ya mtu mmoja imeingia kwenye simu ya muuza viazi karai, ambaye hajakiri wala hajakana. Wanaotuma 1,500 kamili na wanaotuma 1,529, yaani na ya kutolea, hawasalimiani. Mimi kamati imeniruhusu nilipe kwa awamu.

Kampuni moja iliyokataa katakata kulipia nauli hata ya mtu mmoja imetuletea fulana 300 zenye jina lake mgongoni. Ziko chumbani kwangu, nalala kwenye kochi. Wewe mdhamini unayesoma haya, fulana tunazo. Tukatie tiketi za treni, na ulipe kabla watu hawajasafiri.