Kilo Mbili za Maji

Jirani, mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na yule dogo wa mizani. Si unamjua? Yule wa pale stendi, spika yake inajisemea kutwa nzima, pima uzito, pima urefu. Nikapanda na mia tano yangu. Dogo akaangalia namba, akaangalia kitambi, akazima spika. Kwa heshima. Kama yuko msibani.

Nikaenda zahanati. Daktari mwenyewe binti mdogo, ananiambia mzee tembea harakaharaka dakika 150 kwa wiki, inatosha kuanzia. Bure. Nikamdharau. Dawa gani ya bure inaponya?

Nikaibukia Kariakoo. Hata barabara sijavuka, winga kanidaka mkono. "Bosi, unatafuta vya tizi? Umefika." Sikuwa nimefika popote, ila nikamfuata. Raba za mtumba, nyeupe, soli nene kama mkate. Mimi navaa 42, zile 41. Akasema zinapanuka. Mguu ukaingia kwa kusukumwa, watu wawili. Akaniongezea suti ya nailoni ya kutoa jasho, eti mafuta yatayeyuka kama samli juani. Elfu sitini ikaondoka. Mama watoto anajua ni arobaini, uchunge mdomo.

Kesho yake nikatinga nailoni, nikakimbia hadi stendi. Dar hii, mwezi wa pili! Konda wa daladala ananiuliza, mzee, mvua inanyesha wapi? Jasho mpaka kwenye kope. Nikapanda mizani, kilo mbili hazipo! Chenji nikamwachia dogo. Nikashushia maji makubwa, madafu mawili na soda. Jioni nikapima tena. Zimerudi zote. Dogo akanieleza taratibu, kama mjukuu anavyomweleza babu simu: jasho ni maji, mzee, mafuta yako yapo palepale. Dogo wa mizani! Na mimi nimefika fomu foo.

Mama watoto akasema nenda kwenye kikundi, ukiwa na wenzio huwezi kuzembea. Kuna ukumbi nyuma ya sheli, bango limeandikwa Zumba. Nikajua ni ile Zomba ya Malawi, nikafurahi, Wamalawi watu wapole. Kumbe mambo ya Kolombia. Mwalimu mmoja wa aerobiki, Beto Pérez, alisahau kanda zake za mazoezi, akapiga za salsa alizokuwa nazo, watu wakanogewa. Yeye alisahau kanda. Mimi nilisahau kuuliza kama mtu anaruhusiwa kujaribu siku moja kwanza. Nikalipa mwezi mzima. Hairudishwi. Imeandikwa nyuma ya risiti, upande ambao mimi huwa sisomi.

Nikaingia na bukta yangu. Wanawake kama ishirini. Wakageuka wote: "Shikamoo, baba!" Jirani, umeshaitikia marahaba ukiwa na bukta? Ticha akanipanga nyuma, karibu na mlango. "Ukizidiwa, baba, toka tu." Wimbo wa kwanza nikawahi. Wa pili, wao kushoto, mimi kulia. Ticha akaja kuninong'oneza, kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, kwamba hizo raba ni za kukimbia. Zimetengenezwa kwenda mbele na zinang'ang'ania sakafu. Ukizunguka nazo, mwili unageuka, goti linabaki. Huku wanavaa soli nyepesi inayoteleza kidogo. Nikataka kumjibu kwa kuzunguka. Goti likapona, maana soli ndiyo iliyobaki. Mguu ukaendelea peke yake. Mama mmoja akairuka ile soli akipiga kelele, panya!

Fundi viatu alicheka mpaka akaweka sindano chini. Eti sponji inakufa kwa uzee hata kama kiatu hakijavaliwa, inasagika kama keki kavu. Mtumba unaukunja kwanza, unaubonyeza. Halafu kiatu unanunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba, na mbele unaacha nafasi ya upana wa dole gumba. Nikamuuliza, mbona haya hukuniambia mapema? Akasema, mzee, ulikuja kwangu lini?

Nailoni mama watoto kaichukua, anafunikia mkaa. Raba hata fundi kazikataa. Ila Zumba bado wiki tatu, Jumanne na Alhamisi, na hela ya watu imeshaliwa.

Hebu geuza huo mguu, jirani. Hiyo si 42?