Namna ya Kufundisha Mazingira Wilayani Same Bila Kuchafua Viatu

Anza na tarehe. Ni Juni 5 na haina mjadala, maana ndiyo Siku ya Mazingira Duniani tangu 1973, na dunia haitabadilisha ratiba yake kwa ajili ya Same. Ni kweli kwamba kufikia hapo masika yameshafunga virago, na mvua ya maana haitarajiwi tena mpaka vuli. Lisikutie wasiwasi. Mti unaopandwa mjini Same mwezi wa sita hautakiwi kukua, unatakiwa kusimama wima mpaka mgeni rasmi apande gari.

Shimo la mgeni rasmi lichimbwe jana yake na kulowekwa usiku kucha. Koleo liwe jipya. Beseni la kunawia, sabuni na taulo jeupe viwe karibu kuliko mche wenyewe. Kila mgeni apewe maji ya chupa ya plastiki, ili hotuba ikifika kwenye madhara ya plastiki kila mtu awe na mfano mkononi. Ila chupa hizo zisije kwenye mfuko wa plastiki! Mifuko ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, nasi ni watu wa sheria.

Sasa wanafunzi. Watangazie mstarini kwamba kila mmoja aje na dumu la maji la lita tano, fagio la chelewa na ukuni mmoja wa kupikia makande. Asubuhi simama barabarani umtazame mtoto wa darasa la tatu anavyokuja: dumu limezibwa kwa gunzi na linamvuta bega upande mmoja, fagio limo mgongoni, ukuni kwapani. Ukuni wenyewe ni mbichi, bado unatoa utomvu na umeshamchafua shati. Mpokee ukuni huo, uuweke jikoni, kisha mwingize darasani akajifunze Madhara ya Kukata Miti Ovyo. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo jikoni bandika bango la nishati safi, upande usiofikiwa na moshi. Mzazi akihoji kwa nini watoto wanageuzwa punda, mjibu kwa upole: Elimu ya Kujitegemea, 1967. Hapo wengi hunyamaza.

Darasani fundisha dubu wa barafuni. Ana huruma yake, na yuko mbali kiasi kwamba hakuna mtu wa Hedaru atakayeshtakiwa kwa kumdhuru. Usije ukataja kwamba juu huko, kwenye misitu ya Upare Kusini, Shengena ikiwemo, kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani penginepo duniani. Watoto watataka kwenda kumwona. Kuna mpango ulioitwa Rafiki wa Faru, uliokuwa ukiwapakia wanafunzi wa vijiji jirani na hifadhi ya Mkomazi kwenye basi na kuwapeleka kuwaona faru weusi kwa macho yao. Usiige. Mtoto aliyemwona faru haridhiki tena na picha ya ukutani.

Lakini la kuogopa kuliko yote ni ndiva. Hakikisha safari ya darasa haipiti Bangalala, wala kijiji chochote cha mlimani chenye bwawa hilo la wazee. Ndiva haina bango, haina mfadhili, haina hata fulana. Jioni tundu lake linazibwa, maji ya kijito yanajikusanya usiku kucha, asubuhi linazibuliwa na maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Bwawa likijaa tope, unaitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Asiyetokea anatozwa faini. Ubaya wake ni kwamba mtoto akishashika jembe na kuzama kwenye tope lile mpaka magotini, atauliza limetoka wapi. Atainua macho. Ataona shamba lililolimwa kuteremka mlima, bila tuta hata moja, na juu yake visiki. Kisha atauliza shamba ni la nani, na huenda likawa la mjumbe wa kamati yako ya mazingira. (Goha, kule Mamba Miamba, mlima uliporomokea watu Novemba 2009. Hapo sina mzaha, na mwongozo huu haupagusi.)

Baada ya sherehe, andika ripoti siku hiyohiyo, kabla ya mbuzi kuamka. Hesabu miche iliyopandwa, usirudi kuhesabu iliyoota. Picha ziwe za karibu, zioneshe mikono na majani, zisioneshe uwanja.

Litabaki tatizo moja dogo. Katika kila shule yupo mwanafunzi, mara nyingi wa darasa la tano, ambaye bibi yake analima mlimani, na atanyoosha mkono kuuliza kwa nini miti isipandwe Novemba, mvua zikianza, kama bibi anavyofanya. Usimkaripie mbele ya wageni. Msifu, waombe wenzake wampigie makofi ya kilo, kisha mkabidhi ngonjera ya mwakani, yenye beti ishirini. Mpaka azikariri zote, vuli itakuwa imepita.