Pampu ya Nshomile

Nyumba yangu iko Kemondo, mahali ambapo meli ikipiga honi bandarini naisikia nikiwa kitandani. Nikikaa barazani naliona Ziwa Victoria, au tuseme kile kipande changu katika kilomita zake za mraba 68,000 na ushee. Mvua nayo haibishi hodi: upande huu wa Bukoba inanyesha milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Yaani juu maji, mbele maji, chini maji. Bombani kwangu tu ndiko kulikokuwa kukavu.

Tatizo ni kilima. Ziwa liko chini, sisi tuko juu, na maji hayapandi kilima kwa kumwonea mtu huruma. Tulichokuwa nacho ni kisima alichochimba marehemu babu, kamba, ndoo, na mama. Mama ndiye pampu ya nyumba hii tangu sijazaliwa.

Mwaka huu nikasema basi. Mtoto wa kiume nina shahada, nina mita ya luku, halafu mama yangu anavuta kamba? Majirani watasemaje?

Nikamwita fundi. Akaja na bodaboda, akachungulia kisimani kama daktari anayechungulia koo la mtoto, akasema, "Waitu, maji haya yako karibu tu." Nikachungulia na mimi. Kweli, yalikuwa yanameta. Hakuna aliyeteremsha hata uzi wa kupimia. Nshomile, yaani msomi wa huku kwetu, hapimi, anakadiria.

Akaniandikia orodha: pampu ya kukaa juu ya kisima, bomba la inchi moja, elbo, tii, soketi, yunioni, koki, gundi, tepu nyeupe na futi valvu. Bukoba mjini si mbali, kilomita 20 hivi. Lakini ukienda mara nne ndani ya siku mbili, kila mara kufuata kifaa cha ukubwa wa kidole gumba, unaanza kuwajua ng'ombe wa njiani kwa rangi zao. Safari ya pili ilikuwa kwa sababu nilileta soketi ya robo tatu. Robo tatu na inchi moja, fundi akanifundisha, hawaoani mpaka awepo redyusa. Redyusa ni mshenga wa mabomba, na kama washenga wote, hafanyi kazi bure.

Kisha mtaro. Kutoka kisimani hadi jikoni ni mstari ulionyooka, ila umepita katikati ya kibanja, na katikati ya kibanja amelala babu. Fundi alipoinua jembe, mama akatokea kwenye migomba. "Mumzunguke mzee. Alipokuwa hai hakuna aliyempita bila kusimama." Tukamzunguka. Elbo nne za ziada, na safari ya tatu ya mjini. Nikiwa njiani nikamsalimia babu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Majirani walikuja, mmoja na ndoo kabisa. Fundi akajaza maji kwenye pampu, akafunga kizibo, akaniachia heshima ya kuwasha. Pampu ikanguruma. Ikanguruma tena. Kwenye koki ikatoka pumzi ndefu, kama ya mtu aliyeambiwa bei ya kahawa, kisha kimya.

"Hewa inaingia kwenye viungo," akasema fundi. Tukafungua viungo vyote, tukavizungushia tepu mpaka vikafanana na majeruhi. Kimya. "Futi valvu mbovu." Safari ya nne. Kimya. "Waitu, pampu hii haina nguvu. Tununue ya hospawa mbili." Nilikuwa tayari nimeshatoa simu nitume pesa.

Mama, aliyekuwa anamenya ndizi pale kizingitini, akauliza bila kuinua macho, "Kwani nyie mnafikiri maji yako wapi? Mimi navuta mara ishirini ndipo ndoo ifike."

Usiku nikatoka na tochi na futi kamba, nikapima kamba ya mama. Mita 15. Nikakaa chini pale pale kwenye umande, fizikia ya kidato cha pili ikanirudia yote, pamoja na ile A niliyopata.

Pampu ya juu haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya bomba tu. Anayeyapandisha maji ni hewa ya nje, inayoyakalia kule kisimani na kuyasukuma. Na hewa ina kikomo: kwenye usawa wa bahari inayapandisha mita 10 na kidogo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kikomo ni kama mita 9, na kwa pampu ya dukani ukipata 7 chinja mbuzi. Hospawa mbili, ishirini, mia moja, ni kelele tu zinazoongezeka.

Kinachoniuma ni Galileo. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 kuna msomi aliyemwita fundi amtengenezee pampu iliyogoma. Fundi akamjibu kwamba pampu ni nzima, ila maji yameshuka chini mno, hayawezi kuvutwa zaidi ya dhiraa 18. Kule Italia angalau fundi alikuwa anajua. Hapa Kemondo tulikuwa wasomi wawili.

Asubuhi nikamweleza fundi wetu yote. Akatikisa kichwa taratibu. "Hata mimi nilihisi."

Tukanunua pampu ya kuzamisha, ile inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini, isiyomtegemea hewa wala mtu. Ile ya kwanza iko stoo, imekalia gunia la kahawa. Maji sasa yanapanda hadi kwenye tangi, yanamzunguka babu kwa adabu zote, na yakifika bafuni yamechoka. Yanadondoka kama machozi ya mrithi msibani. Lakini yanatoka.

Nikamwambia mama atupe kamba. Akaizungusha vizuri, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumanne umeme ukakatika tangu alfajiri, na tangi nilikuwa sijalijaza. Mama akaiangalia kamba, akaniangalia mimi. Nikaenda kisimani mwenyewe, nikavuta nikihesabu kwa sauti, maana sasa mimi ni mtu wa vipimo. Ndoo ikatokeza. "Ishirini na tatu!" nikamwambia. "Mama, ulikosea hesabu."

"Sikukosea," akasema. "Hizo tatu ni za nshomile."