Sifa za Mlinzi wa Haradali

Washairi wamemsifu ngamia, wapishi wameisifu nazi, na kila chama kina wimbo wa kumsifu mwenyekiti wake. Friji la karavani halijapata hata ubeti mmoja. Ninalolisema hapa ni lile linaloachwa limewashwa kambini Jumapili jioni, wenyewe wakirudi mjini. Huko Ontario, kando ya Ziwa Huron, kuna watu wanaokodi kiwanja kwa msimu mzima: wanaegesha karavani mwezi wa Mei na kuiacha papo hapo hadi katikati ya Oktoba. Wanakuja Ijumaa, wanachoma soseji, wanaondoka. Friji haliondoki. Kwa hesabu ya haki, mpangaji wa kiwanja ni lenyewe, na wale wengine ni wageni wake wanaolipa kodi.

Tuanze na ukoo, kama ada inavyotaka. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji linalopoza bila mota, na miaka michache baadaye kampuni ya Electrolux ikawa inaliuza. Albert Einstein naye aliutamani undugu huo. Yeye na Leo Szilard walibuni friji lao lisilo na chochote kinachozunguka, wakapewa hataza Marekani mwaka 1930, na friji hilo halikufika dukani. Kwa hiyo kabati linalotunza soseji zako limemshinda Einstein sokoni.

Tena linapoza kwa moto! Mgongoni mwake kuna mwali wa gesi, au kipasha joto cha umeme, kinachochemsha maji yaliyochanganywa na amonia. Amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa na kuwa kimiminiko, inateremka hadi kwenye friza, inakutana na haidrojeni, inageuka mvuke tena na kuondoka na joto la nyama. Kisha maji yanaimeza na safari inaanza upya. Hakuna pampu, hakuna mngurumo. Likigoma, fundi hana cha kufungua, maana mabomba yote yameunganishwa na kuzibwa kiwandani. Dawa ya kienyeji, ambayo wazee wa kambi huitoa kwa sauti ya chini, ni kuling'oa na kuligeuza kichwa chini, miguu juu, likae hivyo kwa muda. Wakati mwingine linapona. Ni wagonjwa wangapi wanaokubali kutibiwa hivyo?

Lina heshima zake pia. Kwa kuwa kila kimiminiko ndani yake kinateremka kwa uzito wake tu, sharti lisimame sawasawa. Likiinama, mchanganyiko unatuama na kupikwa mahali pamoja hadi mabomba yanaziba. Ndiyo sababu mtu ambaye nyumbani hajawahi kunyoosha picha ukutani utamkuta kambini amepiga magoti kwenye matope, pima maji mkononi, kwa sababu mvua imelainisha ardhi na mguu mmoja wa karavani umedidimia. Mke wake anashangaa. Mimi sishangai; friji limemlea.

Kuhusu ukarimu wake, muulize mwenye kambi anayesoma mita. Kipasha joto chake kina wati 300 hivi, nacho kikiwaka mchana na usiku kinamaliza yuniti 7 kwa siku, ilhali friji la kisasa la nyumbani, kubwa mara kadhaa kuliko hilo, hutosheka na moja au mbili. Na hizo saba za Jumatano zinalinda nini? Chupa ya haradali iliyobaki nusu, achari, na limau lililokatwa.

Radi ikikata umeme Jumanne, halimsumbui mtu: linahamia kwenye gesi lenyewe. Lakini hata kwenye gesi, ubao wake wa kuongozea unategemea betri ya volti 12, na betri ikifa mtungi uliojaa haufai kitu. Gesi ikiisha, linajaribu kujiwasha mara chache, halafu linawasha taa ndogo ya tahadhari. Taa hiyo inaonekana vizuri sana kwa mtu aliyesimama jikoni. Mwenyewe yuko Toronto. Buibui nao hawakusahauliwa, kwani hupenda kujenga ndani ya bomba la kichoma gesi, na utando mmoja tu unatosha kuuharibu mwali.

Ndugu zake waliokuja kwetu walipangiwa kazi nzito zaidi. Friji la mafuta ya taa, la ukoo huohuo, lilisimama katika misheni na zahanati zisizo na umeme, likitunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8, muuguzi akikata utambi na kufuta masizi. Hili la Ontario limepewa haradali, na halijalalamika.

Wapo wanaoshauri lizimwe kila Jumapili, chakula kibebwe, mlango uachwe wazi usiote ukungu. Hao hawajui Ijumaa. Friji hili likizimwa huchukua karibu siku nzima kupoa tena; liwashe Ijumaa jioni, na wageni watakunywa soda vuguvugu.

Linalobaki ni kuliamini, na imani hiyo ina kipimo chake. Gandisha maji ndani ya kikombe, weka sarafu juu ya barafu, acha kikombe kwenye friza, nenda zako. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, washa mkaa. Ukiikuta imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena bila wewe kujua, na kuku uliyemwacha kwenye friza ni wa jalalani. Ukiikuta katikati, basi kesi imefunguliwa: baba anasema kuku ananukia vizuri, mama anasema atamla peke yake, na watoto wameshakwenda kuomba soseji kwa jirani.