Jinsi ya Kupitwa na Gunia la Mkaa: Mwongozo wa Msafara wa Hisani kwa Baiskeli, Arua hadi Koboko na Kurudi

Anza kwa kuzoea kupitwa. Umefanya mazoezi miezi mitatu, baiskeli yako ina giya ishirini na kitu, kaptura imekubana, miwani inabadili rangi juani. Hujaiacha Arua mbali utasikia kengele nyuma yako. Atakupita kijana juu ya baiskeli ya chuma isiyo na giya hata moja; kwenye karia amefunga magunia mawili ya mkaa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na juu ya mkaa amelaza kuku wawili. Atakupa pole ya safari. Itikia, hata kama pumzi iliyobaki inatosha kupungia mkono tu. Mkifika kilimani yeye atashuka asukume. Nawe shuka, shika gunia upande wa pili, msukume pamoja. Asiyeweza kushuka hapo, kwa maoni yangu, hajawa tayari kuvaa fulana yenye maandishi ya hisani.

Unaingia nchi ya wataalamu wa baiskeli. Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, muhogo, madumu ya maji, kreti za soda, samaki wakavu kutoka ukingoni mwa Nile, hata mgonjwa anayewahishwa kituo cha afya, vyote vimesafiri juu ya magurudumu mawili tangu zamani, pikipiki zikiwa bado za kuhesabika. Kwa hiyo usiwaeleze wenyeji kwamba safari ya kilomita 50 kwa siku ni ujasiri. Waeleze umekuja kufanya nini, kisha waulize njia.

Hilo la umekuja kufanya nini lipate jibu kabla hujanunua hata pampu. Misafara mingi huanza na ramani na kumalizia na sababu. Geuza. Nenda kwanza, bila kamera, ukaonane na mganga wa kituo cha afya cha daraja la 3 au mwalimu mkuu wa shule unayotaka kuisaidia, umuulize anahitaji nini na nani mwingine ameshamwahidi kitu hicho. Mara nyingi utakuta hitaji lenyewe si la kupigia picha: paa linalovuja juu ya wodi ya wazazi, pampu ya kisima iliyokufa, mshahara wa mlinzi. Lichukue hivyo hivyo lilivyo.

Ukisikia moyo wako unakwenda kwa wakimbizi, na watu wengi wanaofika huku ndivyo wanavyosikia, jua historia ya mahali ulipo. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia mwishoni mwa 1980, majeshi ya serikali yaliwalipizia kisasi watu wa West Nile. Wengi wao walikimbilia Zaire na Sudan, baadhi wakiwa na baiskeli iliyobeba godoro, sufuria na mtoto. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na wanajeshi. Msafara wako usimame hapo, watu wavue kofia, na mwenyeji apewe nafasi ya kueleza kwa maneno yake mwenyewe.

Ndiyo maana vita vya Sudan Kusini vilipowasukuma watu kuvuka mpaka, wenye ardhi wa huku, watu wa ukoo na wazee wao, walikubali mashamba yao yawe makazi ya wageni. Bidibidi katika wilaya ya Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na kufikia mapema 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 250,000. Imvepi na Rhino Camp zipo upande wa Nile. Lobule, katika wilaya ya Koboko, inawahifadhi Wakongo. Mwongozo wa serikali ya Uganda unataka asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi iwafikie wenyeji wanaowazunguka. Fuata hesabu hiyo hata kama hakuna atakayekukagua. Mama wa Yumbe aliyetoa shamba lake hapaswi kuona malori yanapita mlangoni kwake kila siku kupeleka mabati kwa jirani.

Sasa baiskeli. Chukua ya chuma. Fremu ya chuma ikivunjika, fundi wa kuchomelea wa Arua ataiunga kabla chai haijapoa. Ya kaboni ikipasuka, safari yako imeisha. Chukua magurudumu ya inchi 26, ambayo tairi na tyubu zake zinapatikana sokoni. Usidanganywe na maandishi ya inchi 28 kwenye tairi za baiskeli kubwa za kijijini, zile za aina ya Hero na Phoenix: rimu yake ina kipenyo cha milimita 635, na ile ya baiskeli ya mashindano ni 622. Hizo milimita 13 zimewalaza watu barabarani. Beba spoku za akiba, gololi, mnyororo, viraka na gundi ya kutosha, kwa sababu ukiiacha lami utakutana na miiba inayopita tairi nene. Na mkoba wako wa spana uwe na zana ambazo fundi wa kando ya njia anazijua, maana huyo ndiye atakayekuokoa.

Nikae kidogo hapa kwenye suala la wasaidizi, kwa kuwa ndiko misafara inakofia. Mtu anakusanya waendeshaji ishirini, anawapigia picha, halafu siku mbili kabla ya kuondoka anakumbuka kwamba kuna gari, kuna chakula, kuna kidonda. Mimi ningeanza na hao. Tafuta dereva wa Arua anayezijua barabara za vumbi za Yumbe wakati wa mvua, na taniboi wake wa kila siku, kwa sababu wawili hao huelewana kwa mluzi. Tafuta fundi baiskeli wa mtaani, umlipe kwa siku, umpe kiti cha mbele. Tafuta mpishi, na umwache apike anachojua: enyasa ya muhogo na mtama, angara wale samaki wakavu, mboga iliyoungwa kwa ufuta. Muuguzi awe mwanamke ikiwezekana, awe anajua Kilugbara. Na mtu wa kusema, wa lugha zote. Kiswahili kitakufikisha mbali kwa wafanyabiashara, madereva, askari na Wanubi wa mjini, lakini bibi aliyeketi na maembe yake kando ya barabara ya Maracha anastahili kusalimiwa kwa lugha yake. Jifunze angalau "Mi ngoni?" na, ukishapewa embe, "Awadifo."

Walipeni hawa vizuri, na mlipe kabla ya safari kwisha. Majina yao yaandikwe kwenye fulana pamoja na ya waendeshaji, kwa herufi zenye ukubwa uleule.

Kuna safari moja ninayopenda watu waikumbuke wanapopanga haya. Mwaka 1961 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, akazunguka hadi kusini mwa Afrika, karibu maili 10,000 kwa wiki 10, akipita hospitali zaidi ya 50 kuuliza swali moja: je, mmewahi kuona watoto wenye uvimbe huu wa taya? Alikuwa na wenzake wawili, Cliff Nelson na Ted Williams. Williams alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini ya Arua, na ndiye aliyelijua gari. Majibu yao yalionyesha kwamba saratani ile ilifuata ukanda wa joto na mvua, kulekule malaria inakotawala. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Burkitt. Wangekwama porini wiki ya pili kama Kuluva isingewapa mtu wa kushika spana, na swali lao lilikuwa tayari kabla hawajawasha injini. Kwa msafara wa hisani sijui funzo lililo bora kuliko hayo mawili.

Vibali: andika barua mapema kwa polisi na kwa ofisi ya mwakilishi wa rais wa kila wilaya mtakayopita; ukitaka kuingia katika makazi ya wakimbizi, ruhusa inatoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Nakala nyingi. Kila kijiji mtakacholala, mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ajue kabla jua halijazama. Kwenye kizuizi, shuka kwenye baiskeli, vua miwani, msalimie afande kwanza ndipo utoe karatasi. Mpaka usiuvuke kwa kujisahau: Koboko iko jirani na Kongo na Sudan Kusini zote mbili, na njia nyingine za miguu hazina bango. Ukivuka kwa halali pale Oraba au Vurra, kumbuka kwamba upande wa pili magari hupita kulia.

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92, ni lami. Arua hadi Koboko, kama kilomita 55, iwe siku ya kwanza, ili miili izoee. Mji wa Arua uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ya asubuhi itakudanganya. Ukishuka kuelekea Rhino Camp unaingia bonde la Nile, na huko joto la Januari halina huruma. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, pumzikeni saa tano chini ya mwembe, mrudi barabarani saa tisa. Kila mtu ajue kuchanganya maji ya kumrudishia mtu nguvu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chandarua kila usiku, bila mjadala. Malaria ya huku haijali umetoka Kampala au Uholanzi.

Na fulana za msafara zisiwe za buluu. Hili nalisisitiza kwa wafadhili wanaopenda rangi hiyo. Mbung'o huvutiwa na buluu na nyeusi. Ndiyo sababu kandokando ya mito ya West Nile utaona vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi, vimetiwa dawa, vimesimamishwa kwenye vijiti. Ni mitego. Kazi hiyo, pamoja na ya wapimaji wa malale vijijini, ndiyo iliyoifikisha Uganda mwaka 2022 mahali ambapo Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma nchini. Usiguse vitambaa hivyo, usivichukue kwa ukumbusho, na usivuke mto ukiwa umevaa kama kimojawapo. Vaa njano au nyeupe.

Watoto watakimbia pembeni yenu kila kijiji. Kama kuna Mzungu katika msafara wataita "Mundu!" mpaka sauti ziwakauke. Punguza mwendo, wasalimie, waache wapige kengele. Usitupe peremende. Mtoto anayekimbilia peremende huikimbilia katikati ya barabara ya malori ya kwenda Juba, na kesho atamkimbilia mgeni mwingine asiyejua kushika breki. Ukitaka kutoa kitu, mkabidhi mwalimu, darasani. Picha iombwe kwa mzazi. Mkipita Yumbe au Koboko katika Ramadhani, chakula na maji ya mchana viliwe ndani ya uzio au nyuma ya gari, na jioni mkialikwa kufuturu, kaeni.

Kuhusu fedha nina msimamo mkali. Kila mwendeshaji ajilipie chakula chake, malazi yake, mafuta ya gari na mishahara ya wasaidizi. Shilingi iliyochangwa kwa jina la kituo cha afya isinunue tairi. Mkishindwa kujilipia, fupisheni njia. Arua hadi Maracha pia ni safari. Wekeni mtu wa tatu asiyeendesha wala asiyepokea, mhasibu wa parokia au katibu wa msikiti, atunze daftari. Fedha zikitumwa kwa simu, makato yaandikwe nayo.

Siku ya kukabidhi, hotuba ziwe mbili: ya mwenyeji na ya mpishi. Hundi kubwa ya kadibodi iachwe Kampala. Hesabu yote ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, kwa Kilugbara au Kikakwa na kwa Kiswahili, pamoja na namba ya mtu wa kuulizwa. Rudini baada ya mwaka mmoja, wawili tu kati yenu wanatosha, mkae kwenye benchi la wagonjwa wa nje asubuhi nzima mtazame kama paa limeacha kuvuja. Baiskeli ambazo hamtazipandisha basi kurudi Kampala, pamoja na spana, spoku na viraka vilivyobaki, apewe yule fundi aliyekuwa kiti cha mbele, kwa barua iliyotiwa saini, ili afande wa kizuizi kinachofuata asimuulize amezitoa wapi.